Uwanja wa Kabula

Tulikuwa kaya kumi na tisa pale Ilembo tuliokuwa tunatembea kila Jumapili mpaka Kawajense kusali. Wenye baiskeli walitangulia. Sisi wenye magoti mabovu tulifika mahubiri yakiwa katikati, na masika tulifika na matope mpaka kwenye vitenge. Basi mwaka huo wakubwa wa kanisa wakasema, nyie watu wa Ilembo mmeshakuwa wengi, tafuteni mahali penu muanze kusanyiko lenu. Mkipata, mchungaji atakuja kupaombea, na kuanzia siku hiyo mtajitegemea.

Ikaundwa kamati ya kutafuta mahali. Mwenyekiti alikuwa Mzee Nashon, fundi seremala, mtu wa kupima kila kitu. Hata akija kukuamkia anaupima kwanza mlango wako kwa macho. Wa pili alikuwa mwinjilisti Abednego, kijana mwenye pikipiki, aliyepangwa kutuongoza. Wa tatu Gaudensia, kiongozi wa kwaya, muuza mitumba, ambaye sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Wa nne mimi. Mimi niliwekwa kwa sababu nyumba zote za Ilembo nazijua: nani ana choo cha maana, nani maji yake yana chumvi, nani anapika gongo na kusema ni uji wa wagonjwa.

Tulikubaliana kuonja kabla ya kuchagua. Wafugaji wanaohama wanafanya hivyo. Hawashushi mizigo yote siku ya kwanza, wanalala kwanza wasikie mbu na waone maji. Tukasema kila mahali tupaonje Jumapili moja.

Jumapili ya kwanza tulisali kwenye darasa la shule. Darasa lilikuwa na popo juu ya dari, na popo wale hawakupenda kwaya. Gaudensia alipoanza sauti ya kwanza walimwaga uchafu wao juu ya daftari lake la nyimbo. Halafu madawati yale ni ya watoto. Mzee Nashon alikaa akakwama, ikabidi tumvute wawili.

Jumapili ya pili tulikwenda kwenye banda la mpira la Othmani. Othmani ni Mwislamu, mtu wa Karema kule ziwani. Mchana anauza dagaa na jioni anaonyesha mpira. Alitupokea vizuri.

"Asubuhi hakuna mechi," alisema. "Salini mnavyotaka, hata mkitaka kuruka rukeni. Ila saa saba niachieni banda langu."

Banda lilikuwa na mabenchi, lilikuwa na umeme, lakini linanuka dagaa, na ukutani wamebandikwa wachezaji wenye mapaja wazi. Halafu nyuma ya ukuta ni kilabu cha komoni. Abednego aliposema "Amina," walevi walijibu kwa sauti kubwa kuliko sisi.

"Hapa hapana," Gaudensia alisema tulipotoka, anajinusa mkono wa gauni. "Nitakwenda mbinguni nanuka Karema."

Jumatatu yake, saa mbili asubuhi, Kabula akaja kwangu.

Kabula tulimwita Mama Hana. Ni Msukuma. Mume wake, Maduhu, aliingia Ilembo na ng'ombe wake kutoka Meatu, akajenga nyumba ya bati, akazungushia uzio wa minyaa, akatengeneza zizi la kutosha ng'ombe mia. Mtoto wao Hana alipofika miaka kumi na moja alianza kuanguka. Kifafa. Maduhu alimpeleka kwa waganga wawili, na wa tatu akamwambia kwamba mtoto huyo akibaki kwenye boma ng'ombe watakwisha. Maduhu akawaswaga ng'ombe na mke mdogo, akaelekea bondeni Mpimbwe. Aliacha nyumba, zizi tupu, mke mkubwa na huyo mtoto. Sasa Hana alikuwa na miaka kumi na tisa, na uwanja wote ule ulikuwa wa watu wawili.

"Mwangaluka, mayu," Kabula aliniamkia kwa Kisukuma, kama kusema habari za asubuhi, mama, amepiga goti kidogo kama wanavyofanya kwao, mkononi ana fungu la mchicha.

"Mwangaluka, Mama Hana. Karibu."

"Nimesikia mnatafuta mahali pa Mungu. Kwangu pana nafasi."

Nikamwambia nafasi tunaijua. Nikasubiri, kwa sababu mtu akikuletea mchicha asubuhi bado hajamaliza.

"Sitaki kodi," alisema. "Wala sitaki kuandikwa jina. Nataka Hana akae kwenye watu. Miaka minane, mayu, hakuna mtu amekula naye sahani moja isipokuwa mimi. Msibani anakaa nje ya uzio. Kisimani wanamsubiri amalize, halafu wanasuuza kamba. Nimefikiri hivi: watu wakija kwangu kusali kila Jumapili, watamzoea. Mtu hawezi kuja nyumbani kwako kila wiki halafu akamkataa mwanao. Si ndiyo?"

"Ndiyo," nilisema. Mchicha wake ulikuwa mzuri, hauna hata tundu moja la mdudu.

Kamati ilikwenda kupaona Jumatano. Mzee Nashon alipima uwanja kwa hatua, urefu arobaini na mbili, upana thelathini. Udongo ulikuwa mgumu, umekanyagwa na kwato miaka mingi, hata mvua ikinyesha hautelezi. Bomba la maji liko hatua chache nje ya uzio. Choo kina mlango wa bati na kina ndoano kwa ndani. Jiko lilikuwa kibanda cha peke yake, la matofali mabichi, limeezekwa bati, mlango wa mbao. Ukuta wa baraza ulikuwa umesilibwa upya kwa samadi na majivu, laini kama sahani. Nikamwuliza Kabula samadi amepata wapi wakati hana ng'ombe.

"Nimeomba kwa majirani. Ndoo nne."

"Na huyu binti," Gaudensia akauliza, hakushusha sauti, na Hana amesimama pale pale na kuni kichwani, "ibada ikianza atakuwa wapi?"

"Kwenye watu," Kabula alijibu, akinionyesha mimi. "Nilimwambia Bibi Edina. Ndiyo maana nimewaita."

Mzee Nashon akakohoa. Abednego akasema Bwana hana ubaguzi, akasema vizuri, na mkono akauinua. Kabula alilia pale pale. Hana akatua kuni, akamfuta mama yake kwa kanga, halafu akatutazama mmoja mmoja.

"Mimi sing'ati," alisema. "Naanguka tu."

Abednego alicheka. Kusema kweli alikuwa binti mcheshi.

Jumapili ya tatu tukasali pale. Kila kitu kilikaa sawa. Sauti haikupotea, upepo ulipita, watoto walikimbia kwenye zizi tupu bila kumsumbua mtu. Hana alikaa kwenye mkeka nyuma ya wanawake. Wanawake walisogea mbele, hawakupanga, walisogea tu kila mmoja kwa wakati wake, mpaka akabaki na mkeka mzima. Mtoto wa Suzana jirani yangu alitambaa akamfikia, akashika kidole chake. Suzana akamrudia mtoto haraka kama amemwona nyoka, akamfuta mkono kwa upindo wa gauni.

"Bibi," Hana aliniambia baadaye, anakunja mkeka, "mimi leo nimekuwa mchungaji. Nafasi yote yangu."

Hakuanguka siku ile. Mama yake alisema hajaanguka kwa wiki sita, anameza vidonge vyake kila siku.

Kamati ikakaa, ikachagua uwanja wa Kabula. Mahali pale hapakuwa na mpinzani. Tukatuma salamu Kawajense, tukajibiwa kwamba mchungaji atakuja Jumapili inayofuata na wageni wake kumi na wawili, gari mbili, na atapaombea. Mzee Nashon akamaliza mabenchi aliyokuwa anachonga, ya mninga, mazito. Gaudensia akachangisha mchele kilo nane na kuku watatu. Abednego akapata spika na kinanda cha kuazima.

Ijumaa jioni tukakutana kwangu, sisi wanne, kumalizia mipango. Na hapo ndipo Gaudensia akalisema.

"Sasa yule. Akianguka mbele ya mchungaji?"



"Mnajua watakavyosema Kawajense," aliendelea. "Watasema watu wa Ilembo wameanzisha kanisa kwa mashetani. Tutakuwa wimbo. Mimi nina kwaya ya watu ishirini na sare mpya, sitaki waimbe huku wanaangalia povu."

"Lakini tulimwahidi mama yake," Abednego alisema.

"Wewe ndiye uliyeinua mkono. Utamkalia karibu wewe? Umshike akianguka?"

Abednego akaangalia funguo za pikipiki yake. "Sijasema hivyo."

"Siku moja tu," Mzee Nashon alisema. "Hiyo ya mchungaji. Zinazofuata atakaa."

"Atakaa wapi siku hiyo? Kwa jirani hawamtaki. Ndani ya nyumba atatoka, si mtoto mdogo."

Walinitazama mimi. Hawakuniuliza, walinitazama tu, kwa sababu wamezoea kwamba mimi nikisubiri kidogo napata jibu. Nikasema jiko. Jiko lina mlango. Mlango una kishikio cha kufuli, nilikiona siku ile tulipopaona. Na kufuli ninayo, ile ya banda la kuku, ndogo lakini ngumu.

"Kwa saa mbili," nilisema. "Mchungaji akiondoka tunamfungulia."

"Tena atatuangalizia wali!" Gaudensia alisema, akapiga paja. "Huyo ndiye Bibi Edina. Mama, wewe una akili."

Hatukumwambia Kabula Jumamosi. Tulimwambia Jumapili saa tatu kasoro, mchungaji ameshapiga simu kwamba yuko njiani, maana tulijua akipewa usiku mzima wa kufikiri atakataa. Mzee Nashon alimwambia kwa upole, kofia mkononi. Kabula alikuwa amevaa gauni jipya la bluu na Hana amevaa la kitambaa hicho hicho. Walishonesha pamoja.

"Hapana," Kabula alisema. "Hayo siyo tuliyosema. Hapana, baba."

"Ni leo tu, mama."

"Amevaa. Angalieni, amevaa."

"Mama Hana," Gaudensia alisema, "unataka kanisa likae kwako au hutaki? Sema sasa hivi. Othmani banda lake liko wazi."

Kabula akageuka kwangu. "Mayu. Wewe nilikwambia."

Nikamshika bega. Nikamwambia kwamba ni leo tu, kwamba Jumapili ijayo Hana nitamkalisha mimi mwenyewe, ubavuni pangu. Nikamwambia mambo mazuri yanataka uvumilivu.

Hana ndiye aliyemaliza mazungumzo. "Mama, acha. Nitakaa jikoni. Nyimbo si nitazisikia? Na wali usipoangaliwa utaungua, halafu watasema ni mimi." Akavua viatu vyake vya plastiki ili visichafuke majivu, akaviweka nje kwenye ukingo, akaingia. Nikafunga. Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga.

Mchungaji alifika saa tatu na nusu. Kabula aliwekwa mbele, kwenye kiti, kama mwenye mji, karibu na mke wa mchungaji. Mimi nilikaa mwisho wa benchi la nyuma upande wa jiko, kama hatua sita kutoka mlangoni, nisikie kama anahitaji kitu. Kwaya iliimba. Spika ile ilikuwa kubwa kuliko uwanja, tumbo lilikuwa linagonga. Mchungaji akasifu mahali, akasema ameona makusanyiko mengi yakianzia chini ya turubai na kwenye maghala ya tumbaku, lakini hajaona uwanja safi kama huu. Akamwomba mwenye mji asimame. Kabula akasimama, watu wakampigia makofi, akainamisha kichwa. Alikuwa anatazama jikoni.

Kwaya ikaanza wimbo wa pili. Hapo nikasikia sufuria limeanguka. Nilijua ni sufuria kwa sababu mfuniko ulizunguka chini kwanza, kisha ukatulia. Nikasema moyoni, amemwaga wali huyu, Gaudensia atamla mzima. Wimbo ulikuwa na beti tatu. Sikutaka kuinuka katikati, mchungaji alikuwa anatazama upande wangu. Nikasubiri ubeti wa pili. Nikasubiri ubeti wa tatu na kiitikio chake, wakakirudia mara mbili.

Halafu nikasikia harufu, na haikuwa ya wali.

Niliinuka taratibu ili watu wasishtuke. Pindo la kanga nilikuwa nimelifunga mno, nikalifungua kwa meno. Nikafungua kufuli, nikasukuma mlango.

Hana alikuwa ameanguka kwa ubavu, kichwa upande wa kuni, mkono wa kulia umeingia katikati ya mafiga mpaka kwenye kiwiko. Mkono wa gauni la bluu ulikuwa umeshika moto. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, na kila akitetemeka mkono ulisukumwa ndani zaidi. Macho meupe. Povu mdomoni.

Mimi nilikuwa karibu. Kama ningeinama ningemshika mguu.

Sisi tumelelewa hivi: mtu akianguka humgusi mpaka amalize. Povu lake, mkojo wake, hata hewa yake ikikupata, unaondoka nayo, na ikiingia kwako inaingia kwa watoto wako. Nilipokuwa msichana tulimwona mwanamume wa Kasokola ameanguka kwenye dimbwi la maji, watu wamesimama ukingoni, wanasubiri amalize. Alimalizia humo humo. Hakuna aliyesema wale watu walikosea. Ilikuwa kama kusubiri mvua ipite.

Basi nilisimama mlangoni. Mkono mmoja nimeshika kufuli.

Gaudensia alikuja nyuma yangu. "Usimguse!" alisema. "Mama, usimguse, bado anatetemeka! Ukimgusa sasa hivi umekwisha."

Mzee Nashon alikuja akachungulia juu ya bega langu. "Letee jembe, tumvute kwa mpini," alisema, lakini hakuna aliyekwenda kuleta jembe. Abednego alifika na Biblia, akanyoosha mkono kutokea nje ya mlango, akaanza kukemea. Alikemea kwa sauti nzuri. Beseni la maji ya kunawa wageni lilikuwa pale kwenye kizingiti, na maji nimeyachota mimi, ndoo moja na nusu. Nilikuwa nimelitazama beseni lile. Niliona maji yana jani moja linaelea. Sikujua kama povu likichanganyika na maji yakaturukia itakuwaje.

Kwaya ilikuwa imenyamaza, ila kinanda kiliendelea kidogo, mpigaji hakuwa ameona.

Kabula alipita katikati yetu. Sijui alipitaje, mlango ule hautoshi watu wawili. Alimshika mwanae kwapani akamvuta nje, akamlalia juu, akauzima moto wa gauni kwa tumbo lake na kwa mikono yake. Watu wote wakaruka nyuma. Pakawa na duara kubwa pale uwanjani, safi, na wao wawili katikati, mpaka Hana alipoacha kutetemeka.

Mkono sitaueleza. Vidole vilikuwa vimeshikana.

"Pikipiki," Kabula alisema. "Mwinjilisti, pikipiki yako."

"Mama, mafuta yameisha," Abednego alisema.

Alikuwa amejaza asubuhi. Mimi nilimwona.

Gari za mchungaji zilikuwa mbili, pale nje ya uzio. Mke wa mchungaji alimnong'oneza mumewe jambo, na mchungaji akasema, jamani, tuwapishe, tumalize maombi yetu kwa utulivu, Mungu anaona. Kabula alimbeba Hana mgongoni, binti wa miaka kumi na tisa, akatoka naye barabarani pekupeku. Kuna bodaboda alikuwa anapita kutoka mashambani na gunia la mkaa. Akashusha mkaa wake kando ya barabara, akawapakia wote wawili, akawapeleka hospitali. Hakuwa mtu wa Ilembo, hakujua kitu.

Mahali pakaombewa. Dakika kumi hivi. Wali haukuliwa, ulikuwa umemwagika nusu, na nusu nyingine hakuna aliyetaka. Kuku wa mchuzi vilevile.

"Kilo nane," Gaudensia alisema tukiufukia. "Kilo nane za mchele wa Mpimbwe. Huyu mtoto ana laana, wallahi."

"Usiape kwa Kiislamu," Mzee Nashon alimwambia.

Jumatano kamati ikakutana. Haikuchukua muda. Mzee Nashon alisema mahali penyewe ni pazuri, hana la kusema juu ya mahali, lakini watu wameona waliyoona, na kaya saba zimeshamwambia hazitakanyaga pale tena. Abednego akasema huenda ilikuwa ishara. Hakuna aliyemwuliza ishara ya nini. Tukaenda kwa Othmani wote wanne. Tulimkuta anachambua dagaa kwenye turubai.

"Si mlisema kwangu kunanuka?" alituuliza.

"Tutazoea," Mzee Nashon alijibu.

Othmani akacheka, akatupa samaki mbovu pembeni. Halafu akaacha kucheka. "Na yule binti? Nasikia aliungulia kwenu."

"Yuko hospitali," nilisema.

"Mmekwenda kumwona?"

Gaudensia akasema tuongee habari ya viti kwanza.

Wiki ya tatu baada ya hapo ndipo tulipokwenda kuchukua mabenchi, maana ya Othmani hayakututosha. Mzee Nashon aliazima mkokoteni. Tulikwenda watatu, yeye, mimi na Abednego. Tulidhani hatutamkuta mtu, lakini walikuwa wamerudi tangu Alhamisi. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, una mistari ya ufagio. Mabenchi yote yalikuwa yamepangwa safu, yametazama barazani, kama tulivyoyapanga siku ile. Na kwenye benchi la mwisho kabisa, lile nililokaa mimi, amekaa Hana. Mkono ulikuwa umefungwa bendeji nyeupe mpaka begani. Ulikuwa mfupi.

"Wageni!" Kabula alitoka ndani, anafuta viganja vyake kwenye kitenge, na viganja vilikuwa na ngozi mpya, nyekundu. "Karibuni. Jumapili tulisubiri. Tukasema labda mmetupumzisha."

"Tumekuja kuchukua mabenchi, mama," Mzee Nashon alisema.

"Ya kutengeneza?"

Mzee Nashon akanitazama. Nikamwambia Kabula kwamba kwa sasa tumepata mahali pengine, kwa sasa tu, mpaka mgonjwa apate nafuu. Akaenda kushika ncha ya benchi la mbele akamsaidia Abednego kulipandisha mkokotenini. Aliyapandisha yote, moja baada ya jingine, kwa viganja vile.

Likabaki moja, la Hana.

"Mwambie ainuke," Mzee Nashon alinong'ona.

"Mwambie wewe."

Hana alisikia. Alitaka kuinuka, ila alikuwa bado hajazoea kusimama kwa mkono mmoja, akayumba, akakaa tena. Abednego aliyekuwa karibu akarudi nyuma hatua mbili. Mzee Nashon akalitazama benchi lake, mninga wa kazi ya siku mbili, akamtazama aliyelikalia. Aliona bendeji imelowa kidogo pembeni na tone limegusa ubao.

"Hilo liacheni," alisema kwa sauti.

Kabula akageuka. "Mnatuachia?"

"Ndiyo, mama. Lenu."

"Asante, baba," Hana alisema. Kisha akaniita mimi nisogee, nikasogea kiasi. "Na wewe bibi asante. Mimi sikumbuki kitu, lakini mama ameniambia. Wewe ndiye uliyenifungulia mlango."

Nikamtazama Kabula. Alikuwa anachukua ufagio, ametupa mgongo.

"Karibu, mjukuu wangu," nilisema.

Tukasukuma mkokoteni mpaka kwa Othmani. Jumapili yake, kwenye matangazo, Mzee Nashon alisimama mbele ya wale wachezaji wa ukutani akasema kamati imemaliza kazi yake, mahali pamepatikana, na kwamba imemwachia Mama Hana benchi moja jipya la mninga kwa ajili ya mgonjwa wake. Watu wakapiga makofi. Nilipiga pia. Kule nyuma ya ukuta walevi nao wakapiga, halafu Othmani akachungulia mlangoni akasema saa sita na nusu hiyo, jamani, fupisheni.